Macho Hayatoshi: Tunavyopima Afya ya Watoto Wetu

Ninyi watoto mnaosikiliza redio huku mkimsaidia mama kuchambua mboga, msiondoke. Leo mazungumzo ni yenu.

Waswahili tunasema, mwenye macho haambiwi tazama. Ni msemo wa watu wazima, nami nauheshimu. Lakini leo naomba ruhusa niubishie kidogo. Ikija habari ya afya ya watoto wetu, macho tunayo, ila hayatutoshi. Na yanatuangusha hasa pale tulipozoea. Jambo likishakuwa la kila nyumba, hakuna tena anayeliona kuwa ni jambo. Tunaliita kawaida, tunalala usingizi.

Hapo ndipo vinapoingia vipimo. Hapo ndipo serikali inapotuma vijana na mizani, na ubao wa kupimia urefu, na vishikwambi vyenye maswali, wapige hodi mlango kwa mlango. Je, wanatafuta nini ambacho mama mzazi hakijui? Hilo ndilo swali letu la leo.

Nitaligawa katika mafungu matatu, na mafungu hayo sikuyabuni mimi. Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1948, lilikataa kusema kwamba afya ni kutokuugua tu. Lilisema afya ni kuwa salama kimwili, kiakili na kijamii. Basi nasi tutakwenda hivyo hivyo. Kwanza mwili wa mtoto. Pili nafsi yake. Tatu maisha yake kati ya watu. Halafu tutasema kasoro za tafiti hizi, maana zipo, na mwisho tujiulize sisi wenyewe tufanye nini.

Kabla ya yote, tuondoe mkanganyiko mmoja. Utafiti na sensa ni vitu viwili. Sensa ya Agosti 2022 ilimhesabu kila mtu Tanzania, tukajikuta tuko zaidi ya milioni 61. Utafiti wa afya hauhesabu kila mtu. Mwaka huohuo wa 2022, Ofisi ya Taifa ya Takwimu na wenzao wa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali kule Zanzibar walifanya Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria. Wadadisi waliingia katika kaya zaidi ya 15,000, Bara na Visiwani.

Najua kuna msikilizaji anasema, "Aa, kaya 15,000! Kwangu hawakufika. Watajuaje ya kwangu?" Swali zuri. Ndugu yangu, umewahi kumwona mnunuzi wa mahindi pale Makambako? Hamwagi gunia zima chini. Ana bambo lake, kile chuma chenye ncha na mfereji. Anachoma gunia, anatoa punje za kiganja kimoja, anajua kama mahindi yamekauka au yana unyevu. Lakini angalia: mnunuzi mjanja hachomi mahali anapooneshwa na muuzaji. Anachoma juu, anachoma katikati, anachoma chini, na magunia anayachagua mwenyewe.

Na utafiti ni hivyo. Kaya zinachaguliwa kwa bahati nasibu. Hazichaguliwi na mwenyekiti wa mtaa, wala hazichaguliwi na mdadisi aliyechoka anayetaka nyumba iliyo karibu na barabara. Kaya ikishachaguliwa haibadilishwi na ya jirani. Mdadisi akikuta mlango umefungwa, atarudi, na atarudi tena. Kwa nini? Kwa sababu nyumba ambayo watu wake hawapatikani kirahisi, huenda ndiyo nyumba yenye habari tunazozihitaji. Shika hilo: nguvu ya utafiti haiko katika wingi wa watu peke yake, iko katika haki ya uchaguzi.

Haya, sasa tuingie fungu la kwanza. Mwili.

Tuchukulie mdadisi amefika kwa mama mmoja, kijiji kimoja cha mkoa wa Iringa.

"Hodi hapa!"

"Karibu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu ukae."

Mtoto wa miaka mitatu yuko uani anakimbiza kuku. Ana nguvu, anacheka, ugali anakula. Mdadisi na mwenzake wanaomba ruhusa, wanamvua viatu mtoto, wanamsimamisha kwenye ubao, visigino vimegusa nyuma, uso umetazama mbele. Angekuwa hajafika miaka miwili wangemlaza. Wanasoma urefu, wanauandika pamoja na umri wake. Kisha wanapima uzito. Na kwa ruhusa ya mama, wanachoma kidole, wanachukua tone la damu kuangalia wekundu wa damu na malaria.

Mama anashangaa. Mtoto huyu ana nini? Mbona hajalazwa hata siku moja? Tena ukimlinganisha na watoto wa jirani, wote wako sawa.

Wasikilizaji, hapo hapo kwenye "wote wako sawa" ndipo macho yanapotuangusha. Utafiti ule wa 2022 ulionesha kwamba kitaifa, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Lakini mkoa wa Iringa, waliodumaa ni zaidi ya nusu. Njombe na Rukwa, ni karibu nusu. Nusu ya watoto! Sasa niambie, ukiwa mama wa mahali ambapo nusu ya watoto wamedumaa, jicho lako litamjuaje aliyedumaa? Utamlinganisha na nani?

Na jambo la pili, sikieni vizuri. Iringa, Njombe, Rukwa. Hii si mikoa ya njaa. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Magari yanapakia mahindi, viazi, maharage na parachichi huko, yanashuka Dar es Salaam. Ghala limejaa, na mtoto wa mwenye ghala amedumaa. Inakuwaje?

Inakuwa hivi. Mtoto hadumai kwa kukosa kushiba tu. Anadumaa kwa kula kile kile, uji wa mahindi asubuhi, ugali mchana, ugali jioni, bila yai, bila dagaa, bila maziwa, bila tunda. Mayai yapo, yanakwenda sokoni. Anadumaa kwa kula mara mbili kwa siku wakati tumbo lake dogo linataka kula mara nne au tano. Anadumaa kwa kuhara mara kwa mara kwa sababu ya maji machafu. Na anadumaa kwa sababu mama yake, akiwa na mimba, alikuwa shambani na jembe tangu alfajiri, na baada ya kujifungua akarudi shambani upesi. Wataalamu wa lishe wanatuambia siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto atimize miaka miwili, ndizo siku zenyewe. Zikipita, kurudisha kilichopotea ni kazi ngumu, na kilichopotea si urefu tu, ni pamoja na uwezo wa ubongo kujifunza.

Babu mmoja atasema, "Sisi ukoo wetu ni wafupi." Babu, shikamoo, nakusikia. Lakini vipimo hivi havikutungwa ofisini. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa nchi sita, Brazil, Ghana, India, Norway, Marekani, na Oman, pale Maskati ambako baadhi ya wasikilizaji wetu wana ndugu. Walichagua watoto walionyonyeshwa vizuri, waliopata chanjo, wasioishi kwenye shida. Wakakuta nini? Watoto wale, weusi kwa weupe, Waafrika kwa Waasia, walikua kwa namna inayofanana sana katika miaka mitano ya kwanza. Kwa hiyo mtoto mmoja mmoja anaweza kuwa mfupi kwa kurithi, ni kweli. Lakini nusu ya watoto wa mkoa mzima? Hapana, babu. Huo si ukoo. Hiyo ni sahani.

Na lile tone la damu? Zaidi ya nusu ya watoto wadogo waliopimwa walikuwa na upungufu wa damu. Tena hapa jicho linasema, "mtoto huyu mvivu," au "mtoto huyu mpole." Kumbe damu haitoshi.

Lakini nisiwape mabaya tu. Miaka ya mwanzo ya 1990, waliodumaa walikuwa karibu nusu ya watoto wa nchi nzima. Mwaka 2022 walikuwa 30 katika 100. Na vifo je? Utafiti wa mwaka 1999 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 hawakufika miaka mitano. Ule wa 2022 ukakuta 43. Mnajua hesabu hiyo inapatikanaje? Mdadisi anakaa na mama, anamwomba amtajie kila mtoto aliyemzaa, aliye hai na aliyetangulia mbele ya haki. Mmoja mmoja, kwa jina na mwaka. Kwa hiyo tarakimu hiyo ya 147, na hiyo ya 43, imetoka midomoni mwa kina mama waliokubali kukumbuka. Tuwashukuru.

Fungu la kwanza limekwisha: mwili. Tumeona kwamba penye wafupi wengi, ufupi hauonekani. Sasa fungu la pili. Nafsi ya mtoto.

Hapa watu wengi huuliza, nafsi inapimwaje? Mizani ya huzuni iko wapi? Kweli haiko. Kinachotumika ni maswali, lakini maswali yaliyofanyiwa kazi kubwa. Kwa watoto wa miaka miwili hadi kabla ya kufika mitano, UNICEF walitoa mwaka 2020 maswali 20 ambayo mama au mlezi huulizwa. Mnataka kuyasikia baadhi? Je, mtoto anaweza kutembea mahali penye mabonde mabonde bila kuanguka? Anaweza kuvaa nguo mwenyewe? Anaweza kuhesabu vitu kumi bila kukosea? Akipewa kazi ya kuchora au kujenga vijumba, anaweza kuendelea nayo bila kuita msaada kila mara? Halafu yanakuja haya: je, anaulizia watu anaowajua wakiwa hawapo, kama bibi au mjomba? Akiona mtu anahitaji msaada, anajitolea? Anapatana na wenzake? Ni mara ngapi anaonekana mwenye huzuni nyingi?

Mmeona? Ni maswali ambayo hata shangazi anaweza kuyauliza barazani. Mtoto anayemuulizia bibi yake aliyesafiri, huyo moyo wake umefungamana na watu. Mtoto wa miaka minne ambaye hamuulizii yeyote, hamsaidii yeyote, na siku nyingi yuko pembeni, huyo anatuambia kitu. Shida ni kwamba sisi hatuulizi. Kliniki mama huulizwa uzito na chanjo, anagongewa muhuri kwenye kadi, anarudi nyumbani. Na nyumbani, mtoto wa pembeni anasifiwa: "Huyu ana adabu, hana makelele."

Tukisogea kwa vijana, jambo linakuwa zito zaidi. Majirani zetu wa Kenya walifanya utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, matokeo yakatoka mwaka 2022. Namna walivyoufanya inafundisha. Hawakumuuliza mzazi peke yake, wala hawakumuuliza kijana peke yake. Waliwakalisha wote wawili, mzazi au mlezi na kijana wake, kila mmoja kwa wakati wake. Wakakuta kwamba zaidi ya vijana wanne katika kumi walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili ndani ya mwaka uliopita, kama hofu isiyoisha, huzuni nzito, au kushindwa kutulia na kuzingatia. Waliofikia kiwango cha kuitwa ugonjwa kamili wa akili walikuwa takriban mmoja katika wanane. Na waliopata huduma yoyote? Karibu mmoja tu katika kumi ya wale wenye matatizo.

Kwa nini wachache hivyo? Kwa sababu mtoto akivunjika mkono, nyumba nzima inakimbia. Akivunjika moyo, tunasema ni utoto. Ni ujana unamsumbua. Ana kiburi. Amerogwa. Ana jini. Anajifanya mzungu. Maneno tunayo mengi, na kila neno linafunga mlango wa msaada. Nasema tena: huzuni ya mtoto si utovu wa adabu, na ukimya wake si lazima uwe adabu.

Hayo ni mwili na nafsi. Fungu la tatu: mtoto kati ya watu.

Mtoto haishi peke yake. Ana nyumba, ana shule, ana njia ya kwenda kisimani. Nani yuko njiani? Nani yuko nyumbani? Mwaka 2009, Tanzania ilifanya jambo la ujasiri. Kwa kushirikiana na UNICEF, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto. Tukawa wa kwanza Afrika kupima kwa pamoja ukatili wa kingono, wa kimwili na wa kihisia, kwa wasichana na wavulana, nchi nzima. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011.

Hebu fikirini ugumu wa kazi ile. Unaingiaje nyumbani kwa mtu kuuliza kama kuna aliyemdhuru mtoto, wakati aliyemdhuru huenda ndiye anayekufungulia mlango? Walipanga hivi. Kwa familia na kwa majirani, utafiti ulielezwa kuwa ni wa afya na maisha ya vijana, basi. Kijana mwenyewe, wa miaka 13 hadi 24, ndiye aliyeelezwa yote, faraghani, na akawa huru kukataa. Na wasichana walihojiwa katika maeneo yao, wavulana katika maeneo mengine, ili isitokee aliyetendewa na aliyetenda wakahojiwa kijiji kimoja, siri ikavuja. Aliyehitaji msaada alielekezwa kwa ustawi wa jamii. Nayasema haya ili mjue kwamba kupima ni kazi ya heshima na tahadhari. Kuuliza ovyo kunaweza kumuumiza mtoto mara ya pili.

Wakakuta nini? Karibu wasichana watatu katika kila kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana, ni kama mmoja katika saba. Na hapo kwa wavulana, nawaomba msipite haraka, maana tumezoea kudhani jambo hili haliwahusu. Ukatili wa kimwili, yaani ngumi, mateke, kuchapwa fimbo, ulikuwa umewapata karibu robo tatu ya watoto wote, wasichana kwa wavulana. Na waliotenda zaidi walikuwa ndugu wa karibu na walimu.

Robo tatu! Hapa tena tunarudi kule kule. Jambo lililowapata robo tatu ya watu haliitwi ukatili mitaani. Linaitwa malezi. "Samaki mkunje angali mbichi." "Mbona sisi tulichapwa na tukawa watu?" Hata shuleni, kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko, visizidi vinne, tena kwa amri ya mkuu wa shule. Sasa mimi sikuja hapa kugombana na mzazi wala mwalimu. Nauliza tu: samaki anakunjwa kwa kiganja au anavunjwa mgongo? Utafiti haukutukana mila zetu. Uliwauliza waliokunjwa wenyewe, nao wakajibu.

Na kulikuwa na jibu moja ambalo naona ndilo zito kuliko yote. Katika wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono, ni kama nusu tu waliowahi kumwambia mtu yeyote. Wavulana, ni kama theluthi moja. Waliobaki walinyamaza. Wazazi walikuwa wanawaona kila siku, wanakula nao, wanawaamkia asubuhi, na hawakujua. Macho yalikuwepo, ndugu zangu.

Kuna kilichofuata? Ndiyo. Kulikuwa na ahadi za wizara, na baadaye ukaja mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, tunaouita MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha wa 2017/18. Vituo vya polisi vina madawati ya jinsia na watoto. Na ipo namba ya kupiga bure kumsaidia mtoto. Shikeni kalamu: 116. Narudia, moja, moja, sita.

Na shuleni vilevile kuna kipimo. Mwaka 2014, Tanzania ilifanya utafiti wa afya ya wanafunzi wa miaka 13 hadi 17, ambapo mwanafunzi anajaza mwenyewe karatasi isiyo na jina lake. Anaulizwa ana marafiki wangapi wa karibu. Anaulizwa ni mara ngapi alilala njaa kwa kuwa nyumbani hakukuwa na chakula. Anaulizwa kama ameonewa na wenzake. Na anaulizwa hivi: katika siku 30 zilizopita, mzazi au mlezi wako ameyaelewa matatizo yako mara ngapi? Baba unayenisikiliza, mwanao angejaza nini hapo?

Tumemaliza mafungu matatu. Sasa niliahidi kusema kasoro, na ahadi ni deni.

Kasoro ya kwanza. Vipimo vyetu vimemkata mtoto vipande. Urefu na damu vinapimwa na utafiti mmoja, kwa watoto wadogo. Ukatili unapimwa na utafiti mwingine, kwa vijana, mwaka mwingine. Huzuni na marafiki vinapimwa shuleni, kwa wanafunzi. Matokeo yake, tunajua wangapi wamedumaa, na tunajua wangapi wamepigwa, lakini je, waliodumaa ndio hao hao wanaopigwa, ndio hao hao wasio na rafiki? Hatuwezi kujibu, maana hatukuwauliza watoto wale wale. Inawezekana kufanya vingine. Wajerumani, kati ya mwaka 2003 na 2006, kupitia Taasisi ya Robert Koch, waliwachukua watoto zaidi ya 17,000, tangu wachanga hadi wa miaka 17, wakawapima urefu na damu, wakawauliza wazazi kuhusu tabia na hisia za mtoto, na wale wakubwa wakaulizwa wenyewe. Mtoto mmoja, mambo yote. Kisha wakarudi kwa wengi wao miaka ya baadaye, wakaona wamekuaje. Ni gharama, sikatai. Lakini hata sisi tunaweza kuanza kwa kuongeza kurasa chache za nafsi na mahusiano kwenye tafiti tunazofanya tayari.

Kasoro ya pili. Tafiti hizi zinapiga hodi nyumbani na shuleni. Je, mtoto asiye na mlango wa kupigiwa hodi? Yule anayelala stendi? Yule wa kituo cha malezi? Yule aliyeacha shule akachunga ng'ombe? Utafiti wa shuleni haumfikii asiye shuleni. Na mara nyingi hao ndio wenye hali mbaya kuliko wote. Kwa hiyo tukisikia tarakimu mbaya, tujue huenda ukweli ni mbaya zaidi.

Kasoro ya tatu, na hii inanikera. Matokeo hayarudi. Ripoti inazinduliwa ukumbini, hotuba zinatolewa, picha zinapigwa, na kitabu chenyewe kinene kiko kwa Kiingereza. Yule mama wa Iringa aliyeacha shughuli zake akajibu maswali, ni nani aliyerudi kumwambia mkoa wake umepata nini? Kama alitupa maneno yake, tunamdai nini tena? Sisi ndio tunaodaiwa.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu, halafu niwaache.

La kwanza: mdadisi akibisha hodi kwako, muombe kitambulisho, msikilize, na ukikubali kujibu, sema kweli. Usimpunguzie mtoto umri, usifiche aliyelala ndani mgonjwa au mwenye ulemavu kwa kuona haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Una haki ya kukataa swali. Lakini kudanganya hakukupi faida.

La pili: dai matokeo. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Simama, uliza: hapa kwetu watoto waliodumaa ni wangapi, na tunafanya nini? Mwaka 2022, kule Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitia saini na wakuu wa mikoa mikataba ya lishe. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Sasa wewe muulize diwani wako, kwa heshima tu: "Mheshimiwa, zile elfu moja moja za watoto wetu zimetengwa? Zimetoka? Zimenunua nini?" Hilo ni swali la mwananchi, si la mpinzani.

La tatu: usimngoje mdadisi. Maswali mengi niliyoyasoma leo ni ya bure. Mpeleke mtoto kliniki, na usiombe uzito tu, omba apimwe urefu, uoneshwe kwenye kadi yuko mstari gani. Sahani yake uiangalie ina rangi ngapi. Na yule mkubwa anayekaa kimya, kaa naye bila simu mkononi, umuulize rafiki yake ni nani, shuleni anamwogopa nani, na usiku anawaza nini. Kisha, hili ndilo gumu, unyamaze usikilize. Akikuambia neno la kutisha, usimpige, usimkemee, usimwite mwongo. Mshukuru kwa kukuambia, na namba mnayo: 116.

Nafupisha kwa wale waliofungua redio sasa hivi. Afya ya mtoto ina pande tatu: mwili, nafsi, na watu wanaomzunguka. Katika pande zote tatu, tatizo likiwa la wengi linageuka kawaida, na kawaida haionekani. Kupima ndiko kunakolitoa tatizo kwenye kawaida na kuliweka mezani. Lakini kipimo hakimlishi mtoto wala hakimlindi. Kinatupa hoja tu. Kuibeba hoja hiyo hadi kwenye mkutano wa kijiji, hadi shuleni, hadi kwenye sahani, ni kazi yetu.

Wiki ijayo, Mungu akitujalia, nitakuwa na swali kwenu: ni wangapi waliomuuliza diwani? Tuandikieni, hata kama jibu lilikuwa la kukwepa.